Mtihani wa Bi Kadzo

Mwanangu, iko siku moja ya ujana wangu ambayo kila nikiikumbuka natafuta pa kuuficha uso. Leo nakuhadithia kwa sababu juzi ulirudi kutoka Kongowea umefura kifua. Ulinieleza jinsi ulivyosimama karibu na soko ukabishana na yule kijana wa kanisa jingine, wale wanaosema Baba na Mwana na Roho ni yule yule aliyebadilisha jina tu, na jinsi ulivyomtolea aya juu ya aya mpaka watu wakamzomea akaondoka. Ulicheka sana. Mimi nilikuwa nachambua mchicha, nikanyamaza, ukadhani bibi hasikii. Nilisikia vizuri. Nilinyamaza kwa haya.

Basi kaa. Sogeza hicho kigoda ndani, usikae mlangoni kama mtu anayetaka kukimbia.

Mimi unayeniona nimejikunja hivi nilikuwa mwalimu, tena mwalimu wa dini, hapa hapa Kisauni. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, vita vya Hitla vimekwisha mwaka uliotangulia. Kazi yangu ilikuwa kuwaandaa wanawake waliotaka kubatizwa. Kila Alhamisi alasiri tulikutana kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, wao wamekaa kwenye mabenchi, mimi nimesimama mbele na kitabu cha mafundisho. Wengi wao walikuwa na umri wa mama yangu, hawajui kusoma, wametoka shamba mikono imepasuka. Nami nilijiona, loo, mwanangu, nilijiona! Kile kitabu sikukitia kikapuni nikipita njiani. Nilikishika mkononi, jina lake limetazama nje, ili kila mtu aone mwalimu anapita.

Miezi hiyo kanisa letu halikuwa na raha. Fundi mmoja wa reli kule Changamwe alikuwa amejitenga na watu wake kadhaa, akifundisha kwamba Mungu ni mmoja peke yake, Mwana ni mjumbe mwema tu, na kwamba mambo ya utatu yalitungwa na Wazungu. Ibada zikawa za kuviziana. Wanaume waliotoka kupeana mikono ya amani ndani walishikana mashati nje, wakigombania Mungu ni nani na yukoje. Ndugu wa tumbo moja waliacha kusalimiana. Padre wetu, mtu mpole kwa kawaida, akachoka, akatangaza kwamba yeyote atakayefika kwenye mtihani wa ubatizo na mawazo ya Changamwe atarudishwa mwaka mzima.

Sasa katika darasa langu alikuwamo Bi Kadzo, mwanamke wa Rabai, mrefu, mwembamba, wa maneno machache. Mumewe alikuwa Mzee Yoeli, seremala. Mzee Yoeli alikuwa Mkristo tangu utotoni, lakini alimwoa Bi Kadzo kimila, kwa mahari na pombe ya mnazi, naye mke hajabatizwa. Kwa sheria ya kanisa wakati ule, mtu aliyeoa hivyo alitengwa na Meza ya Bwana. Aliruhusiwa kuja kusali, lakini ushirika ukikaribia alitoka nje pamoja na watoto na wasiobatizwa. Mzee Yoeli alitoka nje hivyo kwa miaka ishirini na zaidi. Kurudi Mezani kulikuwa na njia moja tu: mke abatizwe, kisha wafunge ndoa kanisani.

Bi Kadzo alikuwa amechelewa kwa ajili ya mamake, aliyekuwa hai kule Rabai na ambaye hakutaka kumuudhi. Mama alipofariki, ndipo akaja darasani. Kufikia hapo Mzee Yoeli alikuwa mgonjwa wa kifua. Akipanda ngazi za kanisa alisimama mara mbili kuvuta pumzi. Kila mtu Kisauni alijua kwamba kitu alichokitaka mzee yule kabla hajafa ni kupiga magoti mara moja tu pale mbele na mkewe. Mimi pia nilijua.

Somo lililomsumbua Bi Kadzo ni hilo hilo la Mungu mmoja katika nafsi tatu. Nilikuwa nawaimbisha, "Baba ni Mungu, Mwana ni Mungu, Roho Mtakatifu ni Mungu, lakini si miungu watatu." Wengine waliimba kama kasuku wakamaliza. Bi Kadzo alikuwa anakwama, anafikiri. Alhamisi moja akainua mkono.

"Mwalimu," akasema, "mie nimewaza shambani. Katika nyumba, wakiwa watu wawili tu, wagombana. Mie na Yoeli twapendana, na twagombana. Hawa mnaosema watatu, tangu dunia iumbwe sijasikia wamegombana hata siku moja. Basi hawa ni mmoja."

Mwanangu, nimeishi miaka mingi, nimesikia mapadre na maaskofu, na sijasikia mtu akilisema jambo hili vizuri kuliko vile. Lakini siku ile unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nikawageukia wenzake nikasema, "Mmesikia? Bi Kadzo anamletea Mungu habari za jikoni." Darasa zima likaangua kicheko. Nikamwambia, "Hayo hayamo kitabuni, mama. Ukiulizwa usijibu yako, jibu unayoyasikia kwa mwalimu." Akaitika, "Abee, mwalimu." Na hakuinua mkono tena.

Likumbuke neno hilo nililomwambia, maana alilitii.

Wiki mbili kabla ya mtihani kulikuwa na arusi katika nyumba moja ya Waislamu, majirani zetu, watu wenye mashamba na jina. Siku ya kuchagua mchele walialika wanawake wote wa mtaa, bila kujali nani anasali wapi, kama ilivyokuwa desturi. Nilivaa leso yangu mpya. Nilipofika niliwekwa kwenye jamvi karibu na mlango, na uteo wa mchele mbele yangu. Bi Kadzo alikuwa uani, hatua chache tu nyuma yangu, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi.

Alikuwapo Bi Mwanakombo, shangazi ya bibi arusi, aliyekuja kutoka Likoni. Mwanamke wa mzaha, mdomo wake haupati likizo. Akanitazama akasema, "Mwalimu wewe, hebu tueleze. Ati nyinyi mna miungu watatu? Mwagawana vipi maombi, huyu wa asubuhi na huyu wa jioni?"

Wanawake wakacheka. Hapakuwa na ubaya, ni utani tu wa watu waliokaa pamoja tangu enzi. Ningeweza kucheka nami nikasema ninachoamini. Ningesema, "Bi Mwanakombo, Mungu ni mmoja, na mimi namjua kama Baba na Mwana na Roho, na hesabu yake inanishinda hata mimi." Yangekwisha. Lakini masikio yaliniwaka moto. Niliwaona wale mabibi wa mjini na hina zao na mafuta yao mazuri, nikajiona mimi ni mtoto wa misheni tu wa jamvi la mlangoni. Nikatengeneza sauti, nikasema:

"La, Bi Mwanakombo. Mungu ni mmoja tu. Hayo ya watatu ni maneno ya Wazungu, sisi twayasoma tu yapite."

"Mashallah!" wakasema. "Huyu ana akili zake." Wakanisogeza kutoka mlangoni hadi kwenye mkeka wa katikati, nikapewa kahawa na kipande cha halwa. Nikala. Tena nikalamba vidole. Nyuma yangu sauti ya mbuzi ilikuwa imesimama kidogo, kisha ikaendelea. Sikugeuka.

Haya, siku ya mtihani ikafika. Ilikuwa Jumamosi, juma moja kabla ya Pasaka. Padre alikaa mbele na wazee wa kanisa wanne, mimi nikakaa pembeni na kitabu changu. Nje ya dirisha Mzee Yoeli alikuwa ameketi anamsubiri mkewe, amevaa koti lake jeusi kwenye jua lile, maana padre alikuwa amekwishawaambia kwamba akifaulu atabatizwa Pasaka na ndoa itafungwa juma litakalofuata.

Bi Kadzo aliitwa wa tatu. Alijibu vizuri. Amri Kumi alizisema zote, Sala ya Bwana akaisema taratibu kama mtu anayemwambia mtu. Kisha padre akauliza, "Bi Kadzo, Mungu ni wangapi?"

"Ni mmoja, padre."

"Na Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu?"

Hapo alinitazama. Alikuwa na uso wa furaha, uso wa mwanafunzi aliyeulizwa kitu anachokijua. Akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti:

"Hayo ya watatu ni maneno ya Wazungu, padre. Sisi twayasoma tu yapite."

Mzee mmoja wa kanisa alipiga meza akasema, "Changamwe huyo!" Mwingine akasimama. Padre aliinua mkono kuwatuliza, akamwuliza Bi Kadzo polepole, "Mama, nani aliyekufundisha hayo?"

Bi Kadzo akanigeukia. Alikuwa bado anatabasamu, kisha akaona uso wangu, tabasamu likamtoka. Nadhani wakati ule ule alielewa yote, kwamba kulikuwa na maneno ya kanisani na maneno ya kwenye mkeka, na kwamba yeye masikini aliyachukua yale ya kwenye mkeka kuwa ndiyo siri ya waliosoma. Padre naye akanigeukia.

"Mwalimu, umewafundisha wewe haya?"

Mlango ulikuwa wazi, mwanangu. Neno moja tu, "Ndiyo," na Bi Kadzo angeokoka. Nikasema, "La, padre. Mimi nafundisha yaliyomo kitabuni. Huyu mama ana kichwa kizito. Darasani pia alikuwa na maneno yake ya ajabu ajabu, waulize wenzake."

Nilisema hivyo kwa kinywa hiki hiki.

Bi Kadzo aliinamisha kichwa. "Ni kweli, padre," akasema. "Kichwa changu kizito. Mwalimu hana kosa."

Wakamrudisha mwaka mzima. Kupitia dirishani nilimwona akimwendea mumewe. Hakuna sauti iliyonifikia, niliona tu Mzee Yoeli akifungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, akalivua akalikunja mkononi. Wakaondoka.

Na unadhani nilikwenda kusema kweli siku iliyofuata? Wapi! Nilijiambia nitasema baada ya Pasaka. Baada ya Pasaka nikajiambia padre ana shughuli. Kila Jumapili nilikaa benchi la mbele, na kila ushirika ulipokaribia nilisikia nyuma yangu wale wanaotoka, na kati yao fimbo ya Mzee Yoeli ikigonga sakafu, na kikohozi chake. Nilijifanya nimefumba macho nasali. Nilikuwa nangoja tu ile fimbo ifike nje.

Masika ilipokuwa inaishilia, kifua cha Mzee Yoeli kikafunga, akafariki. Mtu aliyekufa akiwa ametengwa hakugongewa kengele. Padre alikuja makaburini bila kanzu yake nyeupe, na koti la kawaida, akasoma sala fupi. Ndiyo iliyokuwa sheria, na padre mwenyewe alionekana haimpendezi. Zaidi ya nusu ya watu waliokuwa pale walikuwa wamekalia kila Jumapili mabenchi ambayo marehemu aliyapiga randa mwenyewe.

Siku ya tatu ya matanga nilishindwa. Nilikwenda kwake alasiri, nikamkuta amekaa kwenye mkeka na wanawake wawili. Nikapiga magoti. Wale wanawake wakaona, wakajidai wanakwenda kuteka maji.

"Bi Kadzo," nikasema, "maneno yale yalikuwa yangu. Uliyasikia kwangu, nami nikakukana."

"Najua, mwanangu," akasema. "Nilikuwapo."

"Mbona hukusema? Mbona hukunitaja?"

Akasema, "Ningekutaja wangekufukuza. Wewe mtoto, ndiyo kwanza waanza. Mie na Yoeli tulikuwa tumeshazoea kukaa nje."

Nililia mpaka kifua kikauma, na yeye, mfiwa, ndiye aliyenishika kichwa akaniwekea mapajani mwake. Nikamwuliza kama Mzee Yoeli alijua. Akasema, "Hakujua. Sikumwambia. Ningemwambia angekuja kwenu na randa," na akacheka kidogo, na mimi hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Jumapili ile nilisimama baada ya matangazo nikasema yote mbele ya watu. Nilisema mkeka, nilisema halwa, nilisema uongo niliomwambia padre. Baba yangu alikuwa mmoja wa wale wazee wanne. Alitoka nje kabla sijamaliza, na ulipita mwezi mzima hajanisemesha. Nilinyang'anywa darasa na kitabu, nikatengwa na Meza mwaka mzima, nikahamishiwa benchi la nyuma kabisa. Wa kwanza kunisogezea nafasi pale alikuwa Bi Kadzo.

Nilikwenda pia Likoni kwa Bi Mwanakombo. Nilivuka kwa kivuko nimejikaza, nikamwambia, "Siku ile nilikudanganya. Mimi naamini Baba na Mwana na Roho, nilisema vile nipate sifa kwenu." Aliniangalia kama mtu aliyerukwa na akili. "Ee, wewe mtoto!" akasema. "Tulikuwa twakutania. Ungalisema imani yako tungalicheka, tungalibisha kidogo, na halwa ungalipewa vile vile. Sasa kwa mzaha wangu mimi umemwachia mtu mzima aaibike?"

Padre alimwita Bi Kadzo tena, peke yake, bila wazee. Alichomwuliza na alichojibu sikijui, ila padre alitoka pale akijifuta macho. Krismasi akabatizwa. Askofu alipokuja akamwekea mikono, na Jumapili iliyofuata ikawa siku yake ya kwanza kuingia Mezani.

Mimi nilikuwa bado nimetengwa, kwa hiyo wakati ulipofika nilitoka nje na watoto. Nilisimama chini ya dirisha nikachungulia. Watu walipanga mstari wakapiga magoti, bega kwa bega, wamebanana. Bi Kadzo alikwenda wa mwisho. Alipiga magoti mwisho wa mstari, lakini hakumkaribia jirani yake. Aliacha nafasi upande wake wa kulia, nafasi ya mtu mmoja mzima. Padre alikuja na mkate akigawa, akafika kwenye ile nafasi tupu, na badala ya kupita alisimama. Kisha akaendelea kwa Bi Kadzo.

Kanisa zima liliona, na kila mtu alijua ni nani aliyepaswa kuwa pale, na kwa nini hayupo.

Ndiyo hayo, mwanangu. Sikukatazi kuzungumza habari za Mungu. Zungumza, na uliyofundishwa yashike. Lakini kile unachoamini kiseme kwa namna moja, kanisani na kwenye mkeka wa jirani, hata kama watakucheka, kwa sababu nyuma yako yuko mtu anayekuna nazi na anakuamini kuliko unavyojiamini mwenyewe. Mtu asiyesoma akikuambia alivyomwona Mungu shambani kwake, nyamaza umsikilize mpaka mwisho kabla ya kufungua kitabu chako. Ukikosea, kiri siku hiyo hiyo, usingoje Pasaka ipite. Na ukishinda mabishano, geuka utazame nani anatoka nje. Yule kijana wa Kongowea ana jina, ana mama. Kesho nenda ukamtafute. Si kwamba umwambie imani yake ni sawa kama huoni hivyo, ila umwombe radhi kwa ile zomeazomea, mkae, na safari hii umwulize yeye anamjuaje Mungu.

Inama sasa nikuwekee mkono. Mungu mmoja, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, akupe kinywa kisichogawanyika. Akupe masikio makubwa kuliko ulimi wako. Akujalie haya ikufike mapema, wakati wa kutengeneza ungali upo, maana mimi ilinifika nikiwa nimechelewa. Na siku utakayokwenda Mezani pake, upande wako wa kulia pasiwe na nafasi iliyo tupu kwa sababu yako.